Kutulia Si Kupona

Mimi ni fundi cherehani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Nina ugonjwa wa skizofrenia. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu hapa kwetu wengi wanaamini hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja: mwenye ugonjwa huo hana kazi, na mwenye kazi basi alikuwa amelogwa tu, sasa ametolewa uchawi. Mungu amenifikisha mahali ninapoweza kusimama na kusema. Nasema kwa ajili ya wale walio kimya ndani ya nyumba za udongo za kanda zetu za Juru, Rubondo na Base Camp, ambao jirani zao wanadai wamepona kwa kuwa hawapigi kelele tena.

Ninachoshuhudia ni hiki: sauti zilipokoma kichwani mwangu, nilikuwa nimefika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kuurudisha mwili na akili kwenye kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ipo.

Nilizaliwa katika Bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Ushonaji nilifundishwa na mjomba wangu mjini Uvira. Mwaka 2014, mwaka ule wa mauaji ya Mutarule, kijiji cha bonde letu, tuliondoka mimi na dada yangu mkubwa na watoto wake. Tulivuka mpaka pale Bunagana, tukapokelewa kwenye kituo cha Nyakabande, kisha tukaletwa Nakivale. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao. Leo tuko zaidi ya laki moja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, tumetapakaa kuzunguka Ziwa Nakivale.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na makazi yetu humpa kipande cha ardhi ajenge na alime. Ninaishukuru nchi hii kwa moyo wote. Lakini mpango huo unadai kitu kwa mtu: mikono inayoshika jembe na kichwa kinachokumbuka msimu. Mwenye kupungukiwa na hivyo viwili anaachwa nyuma hata kama hakuna aliyemfukuza. Mimi nilikuwa karibu kuachwa.

Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka 21. Kwa kawaida huanza hivyo, mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na wanaume huuanza mapema kidogo kuliko wanawake. Kwanza nilijitenga. Niliacha kwenda kwaya, nikaacha kuoga. Halafu sauti zikaja. Zilisema Kifuliru, lugha ya nyumbani, zikataja majina ya watu waliouawa na kuniuliza kwa nini mimi nimebaki. Nikaamini kwamba wanaopita kuandikisha kaya wanaandika jina langu ili wanirudishe kwa wauaji. Nikaacha kula alichopika dada, yeye ambaye alikuwa amebaki kuwa baba na mama yangu.

Dada alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Walioniombea walinihurumia kweli, na siwalaumu kwa kuomba. Lakini walinifungisha nikiwa tayari nimekonda, na usiku mmoja nilipotaka kukimbilia ziwani wakanifunga kamba mikono na miguu. Alama ziko kwenye vifundo vyangu hadi leo. Aliyenitoa pale ni mama mmoja jirani, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyemwambia dada, "Mwanangu, kumwombea mtu hakukatazi kumpa dawa. Tumpeleke kituo cha afya, na maombi tutaendelea nayo huko huko."

Kituo cha afya kilinipa rufaa ya kwenda Mbarara, takribani kilomita 60, safari ya vumbi na migomba ya Isingiro pande zote mbili. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara kuna wodi ya magonjwa ya akili, na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hujifunzia hapo. Nililazwa. Nilipewa haloperidoli, na klopromazini usiku, dawa ile iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952 na kuwafungulia wagonjwa wengi minyororo duniani. Sauti zilipungua, zikawa mbali, kisha zikanyamaza. Nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Nilirudi Nakivale nimetulia. Jirani walikuja kunipa pole na kumshukuru Mungu. "Amepona," wakasema. Dada akaua kuku.

Hapo ndipo ulipoanza ule ugonjwa usiosikika.

Nilikaa kwenye cherehani. Mama mmoja akaleta kitenge, anataka libaya, ile blauzi wanayoipenda mama zetu wa Kongo. Nilimpima kifua: 96. Kabla mkono wangu haujaifikia chaki, namba ilikuwa imeondoka. Nikampima tena, ikaondoka tena. Akanitazama. Nikakata kwa kukisia, na nilipofika kwenye mikono nikakuta nimekata yote miwili ya upande wa kushoto. Kazi niliyokuwa naifanya Uvira huku nikizungumza na watu na kusikiliza redio, sasa iligawanyika vipande vingi, na kila kipande kilipokuja mkononi kile cha kwanza kilikuwa kimepotea. Nikitumwa dukani kununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, nilirudi na chumvi.

Mwili nao haukuwa wangu. Mikono ilitetemeka hata uzi haukuingia kwenye tundu la sindano. Miguu ilikuwa mizito nikitembea, lakini nikikaa ilikataa kutulia, ikanisukuma nisimame, nikae, nisimame. Jerikeni ya lita 20 ambayo zamani niliibeba bila kuifikiria, sasa niliiweka chini kila nilipopiga hatua chache. Jua la mchana liliniunguza ngozi kuliko wenzangu; baadaye nilijua kwamba klopromazini hufanya hivyo. Uso wangu ulikaa vilevile kwenye furaha na kwenye msiba, na watu wakasema nina kiburi.

Na njaa. Kati ya dawa hizi zipo zinazoamsha njaa ambayo chakula hakiimalizi, na hapa kwetu mgao ulikuwa unapungua. Kuanzia mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa kukosa fedha, na mwaka 2023 likazigawa kaya katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, kundi la tatu likaondolewa kabisa. Nilikula posho, yaani ugali mtupu, na kunenepa tumboni huku mikono imelegea. Aliyeniona alidhani nashiba.

Neno lililoniumiza kuliko yote lilitoka kwa aliyenipenda kuliko wote. Asubuhi moja dada alisimama mlangoni na jembe begani akaniambia, "Mdogo wangu, daktari amesema umepona. Mbona huinuki?" Sikuwa na jibu. Sikujua mwenyewe kwa nini siinuki. Nilijiona mvivu, kisha nikajiona mzigo, na kuna siku niliyafikiria maji ya lile ziwa kwa namna isiyofaa. Ninalisema hili wazi kwa sababu najua wapo wanaolifikiria sasa hivi, wametulia, na hakuna anayewaangalia kwa kuwa wametulia. Kama ni wewe, mwambie mtu leo hii.

Tuliporudi Mbarara kwa tarehe ya kliniki, dada alilalamika kwa daktari: kaka yake amekuwa mvivu. Huyu daktari hakunikemea. Alimwita muuguzi aliyejua Kiswahili, maana mjini pale watu wengi husema Kinyankole na Kiganda, na akasema kwamba akili ya mtu haipimwi kwa lugha asiyoielewa vizuri. Kisha akanitajia namba nne, nizirudishe kinyumenyume. Nilirudisha mbili. Akaniambia nitaje wanyama wote ninaowakumbuka. Nikataja ng'ombe, mbuzi, kuku, nikarudia ng'ombe. Halafu akanipeleka kwenye veranda ndefu, akaniambia nitembee kwenda na kurudi kwa dakika sita, akahesabu umbali. Kipimo hicho cha dakika sita hutumiwa kwa wagonjwa wa moyo na mapafu, na watafiti wamekitumia pia kwa wenye skizofrenia, kwa kuwa kinaonyesha haraka mwili umedhoofika kiasi gani. Nilimaliza nikihema kama mzee, na nilikuwa kijana.

Akamgeukia dada. "Mama, huyu si mvivu. Sehemu ya haya unayoyaona ni ugonjwa wenyewe. Sehemu nyingine inatoka kwenye dawa tulizompa sisi. Na sehemu ya tatu ni kukaa bila kufanya kitu. Hizo mbili za mwisho tunaweza kuanza nazo leo."

Nimekaa na maneno yale miaka mingi, na nimejifunza yanatoka wapi. Skizofrenia humpata takribani mtu mmoja katika kila watu 300 duniani. Kwa watu kama sisi hatari inaweza kuwa kubwa zaidi: utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2016, uliochunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni moja, ulikuta wakimbizi wana hatari iliyozidi kwa asilimia 66 ile ya wahamiaji wengine waliotoka katika maeneo yale yale. Watu wakisikia jina la ugonjwa huu hufikiria sauti na mawazo ya kuwindwa. Lakini ugonjwa hugusa pia uangalifu, kasi ya kufikiri, kupanga mambo, na ile kumbukumbu fupi inayoshika namba kutoka kwenye utepe wa kupimia hadi kwenye chaki. Dawa zinazonyamazisha sauti haziponyi sana upande huo. Na mara nyingi upande huo, kuliko sauti, ndio unaoamua kama mtu ataweza kufanya kazi, kutunza nyumba na kuishi na watu.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, aliuona upande huo, na kwa kuwaona wagonjwa wakififia akauona ugonjwa huu kuwa njia ya kushuka. Leo Shirika la Afya Duniani linasema angalau mgonjwa mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa, na wengine wengi huishi vizuri wakipata msaada. Hukumu ya zamani imevunjwa, ila kwetu bado watu wanaishi chini yake.

Daktari alianza na dawa. Nilikuwa nameza Artane, kidonge kinachopunguza mtetemeko na ukakamavu unaoletwa na haloperidoli. Nilikuwa nakipenda kwa sababu mikono ilitulia kidogo. Alinieleza kwamba kidonge hicho hukausha mdomo, hutia ukungu machoni, na huielemea kumbukumbu. Basi alipunguza kwanza haloperidoli, polepole, akisubiri kuona kama sauti zitarudi, na mtetemeko ulipopungua akapunguza na Artane. Baadaye nikawekwa kwenye sindano ya mwezi ya flufenazini, ili nisitegemee kichwa kilekile kinachosahau kukumbuka vidonge. Namba zilianza kukaa. Hazikukaa zote, lakini 96 ilifika kwenye chaki. Ndugu msomaji unayemeza dawa hizi, usipunguze mwenyewe. Kazi hii ilifanywa na daktari aliyekuwa ananitazama kila mara, na ndiyo maana ilifaulu.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kwangu na dada. Nilinunua daftari. Nikimpima mteja, nataja namba kwa sauti, naiandika kabla utepe haujatoka mwilini mwake, na yeye anaisoma kuthibitisha. Kila kipande ninachokata nakiandika kwa chaki upande wa ndani: kulia, kushoto, mbele, nyuma. Sianzi nguo ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Asubuhi ndiyo saa yangu ya kukata, kichwa kikiwa chepesi. Jioni ni ya kushona pindo na vifungo. Redio naizima. Mpwa wangu hukaa karibu na masomo yake, na nikipotea namwuliza, "Mwanangu, nilikuwa wapi?" naye hunionyesha kwenye daftari. Hakuna mteja aliyenidharau kwa hayo. Wengine wameniambia wanaamini vipimo vyangu kuliko vya mafundi wanaokisia.

Kanisa letu dogo lilinipa kazi ambayo sitaisahau: sare za kwaya. Gauni lile lile, mkato ule ule, tena na tena. Aliyeamua hivyo ni mama mwenye kuongoza kwaya, na hakujua kwamba alikuwa ananipa tiba. Mkono ulijifunza upya kwa kurudia, na kila gauni lilipokamilika nilipata ushahidi wa kuushika, kwamba bado ninaweza kumaliza jambo.

Na nikatembea. Mwanzoni nilifika kwenye maduka ya Wasomali tu nikarudi nimelowa jasho. Dada alitembea nami, kisha mpwa wangu, kisha nikaenda peke yangu, hadi njia ya ziwani na kurudi kabla jua halijawa kali. Nilipoanza kuibeba tena jerikeni bila kuitua njiani, dada alisimama mlangoni akalia. Jioni kuna vijana wanaocheza mpira karibu na kwetu. Walinikubali golini, halafu wakaniacha nicheze mbele. Kukumbuka nani yuko upande wangu, kutazama mpira, kusikia jina langu likiitwa na kuitika kwa wakati, hayo yote ni mazoezi ya akili ingawa hakuna aliyeyaita hivyo.

Sikujua wakati ule kwamba wataalamu walikuwa wanasema jambo hilo hilo. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Joseph Firth walijumlisha majaribio 10 ya mazoezi ya mwili kwa wenye skizofrenia, wakakuta mazoezi yanayoharakisha moyo huongeza uwezo wa akili, hasa ile kumbukumbu fupi, uangalifu na kuwaelewa watu wengine. Hapa Uganda, James Mugisha wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, pamoja na Davy Vancampfort wa Ubelgiji, wameandika mengi kuhusu mwili na mazoezi kwa wagonjwa wa akili. Kutembea hakulipiwi, na Nakivale ina njia za kutosha.

Sitaki kumdanganya mtu. Bado mimi ni mzito kuliko nilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Bei na chenji nazihesabu mara mbili. Nikikosa usingizi nahisi sauti zikikaribia, na dada anajua dalili zangu kabla yangu. Kuna kipindi dawa ziliisha kwenye kituo kimoja tulichokuwa tunazichukulia, nikaambiwa nirudi, nikarudi, bado hakuna, na ugonjwa ulinirudia. Tuliuza mbuzi kupata nauli ya Mbarara. Mgonjwa wa akili anayekosa dawa hapigi foleni kwa hasira kama mwenye homa. Hutoweka tu, na kutoweka kwake hakuandikwi popote.

Kuna jambo jingine pia linalonihuzunisha. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na mara nyingi kinachowaua ni moyo, kisukari na maambukizi, magonjwa ambayo yangeweza kuonekana mapema na kutibiwa. Mgonjwa akifika kituoni na kusema kifua kinambana, huambiwa ni mawazo yake. Nimewazika wawili niliojuana nao kliniki. Walikuwa wametulia. Hakuna aliyekuwa amewapima presha.

Kwa hiyo ninawageukia ninyi mnaosoma. Ndugu zangu wachungaji na masheikh, ombeni, na mkiomba mfungue kamba, mpeni mgonjwa chakula, mumsindikize hospitali. Ninyi mnaosimamia huduma za afya makambini, msikubali sindano ya mwezi ikosekane, na kila anayekuja kuichukua apimwe uzito, presha na sukari siku hiyo hiyo. Mnaogawa mitaji na mafunzo ya ufundi, msitupite. Mtupe kazi inayorudiwa, maelekezo yaliyoandikwa, na muda.

Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, aliyenyamaza, anayekaa kwenye mkeka tangu asubuhi, na watu wanakupongeza kwamba amepona: usimwite mvivu. Mwambie daktari kwamba mikono inatetemeka na kumbukumbu imepotea, umwulize kama dawa zina mchango. Mpe kazi moja ndogo, mwandikie hatua zake, na akiimaliza mpe nyingine. Kesho asubuhi mshike mkono, mtembee pamoja hadi pale atakapochoka, na kesho kutwa mwongeze kidogo. Ametulia, sasa msaidie apone.